Kompyuta ya Maji Yazua Maneno Chilangala: Kijana Hajakosea Kuota, Kakosea Kuanzia Kwenye Bomba

Tangu staa mmoja wa Bongo Fleva aposti video ya studio yake mpya, ile yenye kompyuta inayowaka taa za zambarau na mabomba ya kioo yanayopitisha maji ya rangi, maproducer wa mikoani hawalali. Kila mmoja anataka mashine ya kupozwa kwa maji. Homa hiyo imepanda mpaka juu uwanda wa Makonde, na sasa ipo kata ya Chilangala, wilayani Newala, ambako kijana mmoja fundi wa midundo kachora orodha ya vifaa, kaipeleka kwa mjomba wake, na ukoo mzima umegawanyika.

Kwa wasiomjua, kijana huyu si mbabaishaji. Kamaliza kidato cha nne, hakwenda mbele, akajifunza FL Studio kwa simu ya kupasuka kioo na laptop ya mkono wa pili. Nyimbo za wasanii wengi wadogo wa Newala na Masasi zinazopigwa kwenye sherehe za unyago na harusi zimetoka kwenye chumba chake cha bati chenye trei za mayai ukutani. Laptop hiyo sasa imechoka. Ikipewa nyimbo yenye treki nyingi inaunguruma kama mashine ya kusaga, inapata moto, halafu inaganda katikati ya kazi na msanii yupo kwenye maiki. Kwa hiyo shida yake ni ya kweli, haijatoka kwenye tamaa ya picha.

Kilichowasha moto ni vitu viwili. Kwanza, hela yenyewe ni ya korosho, na korosho si zake peke yake. Pili, ni neno "maji". Juu kule, mtu ukisema unanunua kitu kinachotumia maji, lazima watu wageuke.

Wanaocheka wanacheka hivi: eti mtoto wa Chilangala anataka kompyuta ya maji wakati mama yake bado anabeba ndoo. Ukweli usemwe, kicheko hicho kina haki nusu na ubaya nusu. Ubaya wake ni ile imani kwamba kijana wa kijijini hana ruhusa ya kutaka chombo cha kazi chenye hadhi. Fundi cherehani akinunua cherehani ya umeme anapongezwa. Mwenye bodaboda akinunua pikipiki mpya anapigiwa vigelegele. Producer akitaka mashine kali anaambiwa anajifanya wa mjini. Hiyo si sawa hata kidogo. Huyu dogo anawalipia umeme wenzake, anawapa vijana jukwaa, na hela yake inaingia mtaani.

Lakini haki nusu ipo vilevile, na ndiyo inayotakiwa kuongelewa bila kumvunja moyo mtu. Orodha yake imeanza na mabomba. Imeanza na rejeta, pampu, tangi la kioo na taa. Prosesa ipo mstari wa saba. UPS haipo kabisa. Mtu anayechagua vifaa vya kompyuta yake ya kwanza ya maji kwa mpangilio huo anajenga nyumba kwa kuanza na pazia.

Ili twende sawa, haya mambo yanafanyaje kazi? Prosesa ikifanya kazi inatoa joto. Juu yake kinakaa kipande cha shaba. Kwenye mashine ya kawaida, joto linapanda kwenye mapezi ya chuma na feni inalipuliza nje. Kwenye mashine ya maji, maji yanapita ndani ya kile kipande cha shaba, yanabeba joto, pampu inayasukuma mpaka kwenye rejeta, na feni za kwenye rejeta zinalipuliza joto nje. Ni kama gari tu. Fundi yeyote wa gereji pale Masasi anaelewa hilo bila kufundishwa.

Sasa hapo kuna vitu ambavyo video za mastaa hazisemi. Maji hayaui joto, yanalihamisha tu. Mashine inayokula wati 400 itamwaga joto la wati 400 chumbani, iwe ya feni au ya maji. Kama chumba ni cha bati, dirisha limezibwa na godoro ili sauti isitoke, na hakuna kiyoyozi, basi jasho la msanii litakuwa lile lile. Zaidi ya hapo, maji hayawezi kuwa ya baridi kuliko hewa inayopita kwenye rejeta. Chumba kikiwa na nyuzi 33, maji hayatashuka chini ya 33 hata ununue rejeta ya ukubwa wa mlango. Newala ipo juu na mwezi wa sita na wa saba baridi lake linajulikana, hivyo afadhali. Masasi bondeni mwezi wa kumi na moja ni habari nyingine kabisa. Kwa kijana huyu, kutoboa tundu la hewa na kufunga feni ya kutolea joto nje kungemsaidia kabla hata hajanunua bomba moja.

Swali la pili: je, kazi yake inahitaji maji? Inategemea prosesa. Ipo prosesa kama Intel Core i9-14900K ambayo ikikimbizwa inaweza kula mpaka wati 253. Mnyama kama huyo, maji yanaeleweka. Lakini ipo Ryzen 5 5600, koa sita, imeandikwa wati 65, na ndani ya boksi inakuja na feni yake. Kwa midundo, kurekodi sauti na kufanya miksi ya nyimbo za singeli na Bongo Fleva, prosesa ya aina hiyo ikipewa RAM ya GB 32 na diski ya SSD itaiacha ile laptop mbali mno. Kuifungia rejeta ya feni tatu ni sawa na kuifungia bajaji injini ya basi la Dar. Itapoa, sawa, lakini ilikuwa inapoa hata kwa feni ya bei ndogo.

Kwa hiyo mpangilio wenye akili ni upi? Kwanza umeme. Huku kusini kila mtu anajua umeme unavyokatika na unavyorudi kwa kishindo. Mashine ya milioni kadhaa bila UPS na pawa saplai ya kueleweka ni kamari. UPS haina kazi ya kukuwezesha kurekodi albamu nzima gizani. Inakupa dakika chache za kusevu kazi na kuzima kwa heshima. Pawa saplai isinunuliwe kwa kuangalia namba kubwa iliyobandikwa pembeni. Angalia ina alama ya 80 Plus, ina waranti, na wati zake zinatosha vifaa vyote na ziada kidogo. Kikifa kifaa hiki kwa hasira kinaweza kuondoka na mazabodi.

Pili, kazi yenyewe: prosesa, RAM, SSD, na sehemu ya pili ya kutunzia kazi za watu. Producer aliyepoteza nyimbo kumi za wateja hasaidiwi na taa za zambarau. Kama anafanya na video, hapo kadi ya grafiki inaingia kwenye hesabu. Kama ni sauti tu, hiyo hela ipelekwe kwenye maiki na spika za kusikilizia.

Tatu ndiyo upozaji, na hapa njia zipo tatu.

Njia ya kwanza ni feni nzuri yenye mapezi makubwa. Haina pampu, haina maji, haivuji. Feni ikifa unanunua nyingine unachomeka, shaba na mapezi yanabaki miaka na miaka.

Njia ya pili ni ile inayoitwa AIO, yaani mfumo wa maji uliofungwa tayari kiwandani. Pampu, mabomba, rejeta, vyote vimeshaunganishwa na maji yameshajazwa. Zipo za milimita 120, 240, 280 na 360. Kabla ya kulipa, pima kasha, maana rejeta ya 360 haiingii kwenye kila kasha. Hakikisha inakuja na vyuma vya kufungia kwenye soketi ya prosesa yako. Wakati wa kufunga, rejeta ikae juu kuliko pampu, au angalau sehemu yake ya juu iwe juu ya pampu, ili hewa isikusanyike kwenye pampu na kuiua. Na ujue mapema: nyingi hazijazwi maji tena. Pampu ikifa unatupa yote.

Njia ya tatu ndiyo ya staa: kujijengea mzunguko mwenyewe, kipande kwa kipande. Hapa ndipo kijana alipotaka kuanzia, na hapa ndipo penye makaburi ya mashine za watu. Nipeli ziwe za uzi wa G1/4, ambao ndio unaotumika kwenye vifaa hivi, na saizi ya nipeli ilingane na bomba. Bomba la 10/13 halikai kwenye nipeli ya 10/16. Kwa mara ya kwanza chukua mabomba laini ya mpira. Yale ya kioo yanayopendeza kwenye picha yanataka kupindwa kwa moto na kukatwa kwa kipimo, na ukikosea umetupa. Usichanganye rejeta ya aluminiamu na kipande cha shaba kwenye maji yale yale, maana metali hizo mbili zikikutana kwenye maji moja inaanza kuliwa, na uchafu wake unaziba njia. Chagua shaba kila mahali.

Halafu maji yenyewe. Wadau, si maji ya bomba, si ya kisima, si ya mvua. Yale meupe yanayoganda ndani ya birika ndiyo yatakayoganda kwenye vinjia vyembamba vya shaba. Yanatakiwa maji yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kunaswa mvuke wake, pamoja na dawa ya kuzuia mwani na kutu, au kulanti iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Mtaani watu watakwambia nunua maji ya betri dukani kwa spea za magari. Kama ni maji safi ya betri, yana afadhali kubwa kuliko ya bomba, lakini bado yanahitaji ile dawa. Na kuwa makini usipewe asidi ya betri, maana chupa zinafanana na wauzaji wengine wanaita vyote jina moja. Kulanti ya gari nayo iache kwenye gari.

Ukishajaza, usiwashe mashine. Iwashe pampu peke yake, vifaa vingine vyote vikiwa havina umeme, weka karatasi laini chini ya kila kiungo, iache izunguke saa 24. Karatasi ikilowa, umeokoa mazabodi. Na baada ya hapo, mara moja kwa mwaka au zaidi, umwage, usafishe, ujaze upya. Hata wakubwa yamewakuta: Apple walipotoa Power Mac G5 ya kupozwa kwa maji mwaka 2004, baadhi ya mashine hizo zilikuja kuvuja na kuharibika. Kama kiwanda chenye mainjinia wa dunia nzima kimevujisha, fundi wa mara ya kwanza ajipange.

Haki itendeke, maji nayo yana hoja zake. Wanaoyatetea kwa ajili ya kijana huyu wanasema barabara. Feni kubwa yenye mapezi inaweza kupita kilo moja, na inaning'inia kwenye mazabodi. Mashine iliyofungwa Kariakoo ikapakiwa basi mpaka Masasi, halafu ikapandishwa Newala kwenye vumbi na makorongo, inaweza kufika mazabodi imepasuka. AIO inabana kwenye kasha na kile kipande cha juu ya prosesa ni chepesi. Hoja nzuri, lakini jibu lake ni rahisi: lifungue lile feni kubwa kabla ya safari, lifunge ukifika. Pesti mpya ya kupaka juu ya prosesa ni kitu kidogo sana.

Hoja nyingine ni kelele. Studio inataka ukimya. Ni kweli, ila mashine ya maji nayo ina feni kwenye rejeta na pampu yake ina mlio mwembamba unaosikika usiku. Producer wa siku nyingi anajua dawa: toboa ukuta, pitisha waya, mashine ikae chumba cha pili na maiki ibaki huku. Tundu hilo halina bei. Na vumbi la kule, lile laini linaloingia mpaka kwenye chumvi, litaziba rejeta kama linavyoziba mapezi. Hakuna anayeponea, wote watapuliza kila mwezi.

Sasa turudi kwenye ukoo, maana huko ndiko pesa iliko. Kwa Wamakonde, mjomba si mtu wa kupita salamu tu. Ana neno juu ya watoto wa dada yake, na korosho hizi ni za mikorosho ya ukoo wa mama. Inasemekana mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Shikamoo, njomba."

"Marahaba. Nimeambiwa hiyo kompyuta inakunywa maji."

"Haiyanywi, njomba. Yanazunguka tu humo ndani. Ni kama lita moja."

"Lita moja leo. Kesho itataka ndoo. Na mama yako aliahidiwa simtanki msimu huu. Ahadi hiyo nani kaizungusha?"

Hapo ndipo kijana aliponyamaza. Na hapo ndipo stori inapoacha kuwa ya taa za zambarau.

Asiyejua uwanda wa Makonde hawezi kuelewa uzito wa neno simtanki. Juu kule ardhi inanyonya maji yote, mito ipo mabondeni. Vizazi na vizazi wanawake wameshuka mteremko na kupanda na maji kichwani. Mradi wa maji wa Makonde upo tangu enzi za mkoloni, na hadi leo kaya nyingi zinategemea kukinga mvua ya paa la bati. Tangi la lita 1,000 linalojaa masika linampunguzia mama safari nyingi. Na hela ya korosho haina uhakika. Bei inapanda na kushuka mnadani, malipo yanaweza kuchelewa, na wapo wanaokumbuka msimu wa 2018 Serikali ilipoingilia kati, ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Hela ya namna hiyo ukiipata unaipanga vizuri, maana ijayo huijui.

Mzunguko wa maji wa kujijengea, wa shaba tupu, na pampu, na tangi la kioo, na nipeli zake, na kulanti yake, unaweza kumeza hela ya simtanki la lita 1,000 na ikahitajika nyingine juu. Yaani mama akose lita elfu ili prosesa ya wati 65 ipate lita moja. Ukiiweka hivyo, hakuna haja ya hakimu.

Lakini mjomba naye asijifanye kashinda moja kwa moja. Akisema "hakuna kompyuta, nunua pikipiki kama wenzako," atakuwa kaua kipaji ambacho tayari kinaingiza hela. Jibu la busara lipo katikati na halimuumizi mtu: mashine inunuliwe, ya prosesa ya wati ndogo, na UPS, na feni nzuri. Ile hela ya mabomba iende kwenye simtanki la mama. Kasha lichaguliwe kubwa kidogo, lenye nafasi ya rejeta ya 240 au 360, ili siku kazi ikikua, wateja wakaja mpaka kutoka Mtwara, prosesa kubwa ikaingia, basi na maji yaingie kwa hela ya studio yenyewe. Hapo hata mjomba hatakuwa na la kusema.

Na kwa mastaa wanaoposti: hakuna anayewakataza kutamba, jasho ni lao. Ila mkionyesha mabomba, onyesheni na siku ya kumwaga maji na kusugua rejeta. Onyesheni na UPS iliyojificha nyuma ya pazia. Kuna dogo mahali anaandika orodha kwa kufuata picha yenu, na hela anayoandikia ni ya watu wanne.

Wadau wa Newala, Masasi, Tandahimba na popote mlipo: mngekuwa nyie ndio mjomba, mngesaini? Na kama una mashine ya maji tayari, mwaka wa pili huu inakwendaje? Dondosha komenti hapo chini, matusi hapana.